Wavuvi wa dagaa wanataka kuacha sigara, kituoni hakuna dawa. Nianzie wapi?

Bint Micheweni

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika shehia moja ya kaskazini Pemba, upande wa Micheweni. Napita majumbani kwa ajili ya wajawazito na watoto wadogo. Sigara haimo katika kazi niliyopewa, lakini siwezi kuifumbia macho. Naingia nyumba nakuta mtoto anakohoa, mama ananiambia mumewe huvuta humo humo chumbani akirudi bahari. Nikimtaka huyo mume, amelala, au yuko dikoni pwani vinapotia nanga vyombo, au yuko dago, kambi ya uvuvi ya mbali, huko Mkokotoni au Tanga na hajulikani atarudi lini.

Juzi kaka mmoja mvuvi wa dagaa, baba wa watoto watatu, alinifuata mpaka njiani. Nikaanza kumweleza mapafu, moyo, saratani. Akanikata: "Madhara nayajua, dada. Nambie kesho asubuhi nifanye nini." Nimemuahidi nitamrudia na jawabu la maana, ndiyo maana niko hapa.

Hali yetu ni hii. Kituoni kwetu hakuna jojo za nikotini wala dawa yoyote ya kuachia sigara. Spitali ni nauli, na mvuvi akikosa siku ya bahari kakosa posho ya nyumba. Simu yake ni kitochi. Dukani sigara zinauzwa moja moja na anakopeshwa. Tena mimi ni mwanamke, kukaa dikoni na wanaume nikawasomesha ni muhali, na wao pia wataona haya.

Nataka kujua kwa waliokwisha kulifanya: anaacha siku gani, anapunguza au anakata moja kwa moja, na usiku wa bahari kiu ikimjia anafanya nini? Kuna wengine wameacha sigara wakahamia tumbaku ya mdomoni, wanasema ndiyo dawa yake. Naomba msaada wenu.

Mja wa Mola

Wa alaykumu ssalaam. Dada usijisumbue na mengi. Sigara ni kuuangamiza mwili na kuteketeza mali. Waambie ni haramu, anayemuogopa Mungu ataacha leo leo.

Nahodha Mstaafu

Wa alaykumu ssalaam mwanangu, na Allah akulipe kwa kuwahangaikia watu ambao hata hawamo kwenye daftari lako.

Nimevua dagaa tangu ujana na nimevuta tangu ujana. Niliacha nikiwa nahodha, na baadae baadhi ya mabaharia wangu wakaacha pia. Nakuandikia niliyoyaona kwa macho yangu.

Huyo kijana mchagulie siku kwa kuangalia mwezi. Sie wa dagaa tunavua siku za giza. Mwezi ukipevuka taa hazivuti kitu, vyombo vinakaa, watu wanashona nyavu na kulala majumbani kama binadamu wengine. Basi aache hapo, mbalamwezi inapoanza. Arosto ya sigara inakaza siku mbili tatu za mwanzo, kisha inalegea kidogo kidogo. Akiacha mwanzo wa giza, siku ya pili inamkuta katikati ya maji usiku wa manane, kichwa kinamgonga, ana hasira za bure, na wenzake wote wanapuliza moshi mbele ya pua yake. Hapo hata mwanaume wa chuma atanyoosha mkono. Akiacha kwenye mbalamwezi, siku ile ngumu inamkuta kwake, anaweza kulala, anaweza kuondoka akaenda konde. Giza likirudi atakuwa keshaivuka ile mbaya zaidi. Nimeona vijana walioshindwa kila mwezi wakaja kuweza kwa kubadilisha siku tu.

Sasa usiku wa bahari. Wengi wanadhani mtu huvuta wakati wa kazi. Wakati wa kuvuta nyavu hakuna mwenye mkono wa sigara. Kishindo ni pale taa zimeshawashwa na mnasubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga. Mashine imezimwa, kumetulia, mikono haina kazi. Hapo ndipo inapotolewa ile pakti, imeviringwa nailoni mara mbili na kiberiti ndani yake isipate maji, imefichwa chini ya ubao. Mmoja akiwasha, chombo kizima kinawasha, hata asiyekuwa na hamu. Kwa hiyo kijana wako asiende bahari mikono mitupu. Achukue sindano na kipande cha nyavu cha kushona. Achukue chupa ya chai ya tangawizi. Na achukue punje za karafuu mfukoni; Pemba hatukosi karafuu. Kiu ikija atie punje moja mdomoni aitafune taratibu. Simwambii mtu kwamba karafuu ni dawa ya sigara, lakini inaukalia mdomo na inatia ganzi kidogo, na kiu yenyewe ni ya dakika chache, ukiipitisha inakwenda zake. Itarudi, na utaipitisha tena.

Watakwambia sigara inawapa joto. Waambie waguse vidole vyao. Sigara inabana mishipa midogo ya damu, vidole vinazidi kuwa baridi. Jambo hili niliambiwa na daktari na nililijaribu mwenyewe, na ni kweli.

Kisha liko suala ambalo wewe hutoliona kwa sababu huingii chomboni, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Katika vyombo vingi sigara hununuliwa pamoja na posho: mchele, sukari, mafuta, na sigara, kisha zinakatwa kwenye mgao. Yaani hata asiyevuta analipia, na aliyeacha anapewa fungu lake mkononi. Utamwachisha vipi mtu ambaye anagaiwa? Dago ni vile vile au zaidi, maana pale kambini hakuna mke wala mama wa kumtupia jicho. Mimi nilizitoa kwenye posho. Nikawaambia anayetaka anunue kwa pesa yake, na akivuta akae demani, upande unakoelekea upepo, moshi uende baharini usiwapitie wenzake. Ile pesa tukaongeza tende na sukari. Walinuna, na giza lile tulikaa kimya kwenye chombo kama wageni. Giza la pili hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo mwanangu, usimtafute mvuvi peke yake. Mtafute nahodha, na mtafute mwenye chombo. Dikoni usende wewe, mtume mzee anayeheshimika, au umuombe sheha akuitie manahodha watatu wanne kwake barazani. Sheha akiita watakuja.

Na wewe ndugu yangu Mja wa Mola, kwa hukumu ya dini sikupingi, na masheikh wetu wengi wamelisema wazi. Lakini nilishuhudia kijana akisemwa hadharani msikitini kwa harufu ya sigara. Aliacha kuja kusali jamaa. Sigara hakuacha. Huyu aliyemfuata dada njiani keshamuogopa Mungu, keshaona haya, keshaamua. Anaomba mkono wa kumshika.

Mkitaka kuitumia dini, itumieni Ramadhani. Mvuta pakti nzima anafunga kuanzia alfajiri mpaka magharibi bila ya kuvuta, na anakwenda kazini na kurudi. Anaharibu pale anapofungua kwa tende moja na sigara mbili. Imamu akisimama kabla ya Ramadhani akasema "atakayetaka kuacha mwezi huu aje tusaidiane", na baada ya futari wakawa pamoja mpaka tarawehe, wengi watavuka.

Muuguzi wa Chake

Ahsante sana mzee wetu, hili la mwezi sijawahi kulisikia na nitalichukua. Linaingia vizuri kabisa na tunavyojua kuhusu nikotini, ile ya kwenye tumbaku inayomshika mvutaji. Nusu yake hutoka damuni kila baada ya kama saa mbili, ndiyo maana mvutaji anaitaka nyingine mara kwa mara, na ndiyo maana aliyefunga, ikifika magharibi, mwilini mwake imebaki kidogo mno. Hewa ya sumu ya moshi, kaboni monoksidi, nayo inaondoka ndani ya siku moja. Vinavyobaki kwa wiki kadhaa ni hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, na kukosa utulivu.

Mdogo wangu Bint Micheweni, nikujibu maswali yako.

Kupunguza au kukata? Akiweza akate moja kwa moja siku aliyoichagua. Kulifanyika utafiti Uingereza, ukachapishwa 2016, wakalinganishwa waliokata ghafla na waliopunguza kwa wiki mbili. Baada ya wiki nne waliokuwa hawajarudi ni asilimia 49 kwa waliokata, na 39 kwa waliopunguza. Na hao wote walipewa dawa na ushauri, kwa hiyo usimlaumu mtu wa kwako akiteleza bila dawa. Wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Akiteleza usimuulize kwa nini, muulize ilikuwa wapi na alikuwa na nani, hapo mtapata pa kuziba.

Kabla ya chochote muulize mawili: akiamka anakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza, na anavuta ngapi kwa siku. Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, huyo kashikwa sana, na ndiye wa kumpigania apate dawa. Jojo za nikotini na viraka vyake vya kubandika ngozini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na 2024 shirika hilo limetoa mwongozo mzima wa kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku. Kwa hiyo ukimwambia mkuu wa kituo chako aombe, huombi anasa. Andika barua, tia na idadi ya wanaotaka kuacha. Dawa isipoombwa haiagizwi.

Na ikitokea jamaa akaletewa jojo ya nikotini kutoka mjini, mfundishe, maana wengi wanaitafuna kama jojo ya kawaida, inawachoma koo, wanaitupa. Atafune taratibu mpaka asikie ladha kali kama pilipili, kisha aibane baina ya shavu na ufizi mpaka ladha ipotee, ndipo atafune tena. Kama ni wa sigara ya nusu saa ya mwanzo apate ya miligramu 4, vinginevyo 2. Asinywe kahawa robo saa kabla yake, inazuia nikotini isiingie vizuri. Na afunge akijua kuwa jojo hiyo inafunguza.

Kahawa nina neno lake. Moshi wa sigara unalifanya ini lisafishe kafeini haraka. Mtu akiacha, kikombe kile kile cha kahawa chungu anachokunywa barazani kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Anatetemeka, moyo unamwenda mbio, halali, na anasema "kuacha sigara kumeniumiza", anarudi. Mwambie apunguze kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Jambo dogo hili limewaangusha wengi.

Mwambie pia anaweza kukohoa zaidi wiki za mwanzo. Mapafu yanaanza kujisafisha. Asipoelezwa atadhani ameharibika. Na mkewe aelezwe kuwa hasira za siku hizo zinapita, asizichukulie kuwa ni zake yeye. Wewe mke unampata wakati wowote, na hapo ndipo nafasi yako ilipo kuliko ya mwanaume yeyote wa dikoni.

Tumbaku ya mdomo, iwe kuberi, ugoro au ya tambuu, si dawa. Nikotini ni ile ile na inatia saratani ya mdomo. Na popoo, ile kokwa inayotafunwa na tambuu, peke yake, hata bila ya tumbaku, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikwishathibitisha tangu 2004 kuwa inasababisha saratani. Najua nagusa sahani ya mama zetu. Nasema kwa kuwa nimewauguza.

Na kwa watoto, wakati baba bado anahangaika kuacha, nyumba iwe haina moshi kabisa. Kufungua dirisha hakutoshi, wala kuvutia chumba cha pili. Akavutie nje, mbali na mlango.

Kijana wa Bububu

Kuhusu kitochi: hicho hicho kinatosha. Uingereza 2011 walichapisha matokeo ya utafiti wa watu karibu 5,800. Nusu walitumiwa ujumbe wa kawaida wa simu wa kuwatia moyo na kuwapa mbinu. Baada ya miezi sita walioacha kweli, wakapimwa, walikuwa asilimia 10.7, na upande wa pili 4.9. Hakuna intaneti hapo, maandishi tu.

Dada unaweza kumwandikia mwenyewe au kwa simu ya mumeo ili isilete maneno. Muhimu ni saa ya kuupeleka. Tuma jioni kabla hawajashuka pwani, ukiwa bado mtandao upo. Maneno yawe ya kwao: "Leo giza la kwanza bila sigara. Karafuu umechukua? Mkeo kasema mtoto halii tena usiku." Akiwa dago ndiyo ujumbe una kazi zaidi, maana huko hamwoni mtu.

Bint Micheweni

Nyote Allah akulipeni kheri. Mzee wangu, sikujua kabisa kama sigara zinatoka kwenye posho. Nimemuuliza mke wa yule kaka, amethibitisha. Kumbe tunahesabu umasikini wa nyumba na hapo pana pesa inayoungua kabla mgao haujafika.

Nimeshamuomba sheha, amekubali kuwaita manahodha, na mwenyewe kasema atakuwepo. Yule kaka nimemwambia aangalie mwezi. Alicheka akasema "hiyo kalenda naijua kuliko wewe", akachagua siku yeye mwenyewe. Mkewe kaweka kibubu, kila siku ataitia ile pesa ya sigara mumewe akiona kwa macho.

Nina mawili yamebaki. Mzee wangu, manahodha wakisema "watu wangu watahamia chombo kingine nikiwatolea sigara", niwajibu nini? Na dada Muuguzi, wapo wawili wengine wanataka kuacha. Mmoja ana kisukari, anachoma sindano. Wa pili anakohoa karibu mwezi sasa, anasema ni kikohozi cha sigara tu, na naona nguo zinampwaya.

Nahodha Mstaafu

Hilo watalisema, hata mimi niliambiwa. Baharia anafuata chombo kinachopata, mwanangu, hafuati sigara. Waambie wasiziondoe zote siku moja kama wanaogopa; wazitoe kwenye hesabu ya chombo kwanza, kila mtu anunue yake. Mtu akianza kulipa kutoka mfukoni mwake anahesabu. Na wawaulize mabaharia wasiovuta, wapo kila chombo, na kwa miaka wamekatwa pesa za moshi wa wenzao bila kuulizwa. Hao ndio watakaokusemea.

Kama manahodha wanataka kuzungumza na aliyelifanya, sheha atanipata. Wete na Micheweni si mbali.

Muuguzi wa Chake

Wa kisukari aache, na kwake ndiyo muhimu mno, lakini asiache bila kuonana na kliniki yake. Mtu akiacha sigara insulini inaweza kumfanyia kazi zaidi ya mwanzo, sukari ikashuka. Apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo na awaambie wanaomtibu siku aliyoichagua.

Huyo wa pili usingoje mbalamwezi. Kikohozi kilichopita wiki mbili, na mtu anapungua mwili, ni cha kupimwa makohozi kwanza, kifua kikuu kiondolewe shaka. Mvutaji yuko hatarini zaidi kukipata, na kwa kuwa amezoea kukohoa hachelei. Kipimo na dawa ni bure. Mpeleke wiki hii, na waliomo nyumba moja nae, watoto hasa, waorodheshe majina uende nayo. Sigara ataiacha hapo hapo kwenye matibabu, tutamsaidia.